Ufanisi wa Idara ya Maficho

"Wananchi mnatangaziwa kwamba, kuanzia leo, Bustani ya Paka-Mwitu imeingia rasmi katika zama za maficho ya kisasa."

Mkurugenzi wa bustani aliyasema hayo jukwaani, kati ya simba wa saruji na duma wa saruji aliyekosa sikio. Alifafanua kwamba visanduku vidogo vimefichwa kwenye sanamu. Mwananchi atafungua ramani ya simu, simu itamsogeza karibu, kisha atapekua mwenyewe. Akikipata kisanduku, atachukua beji yenye picha ya mnyama, atakirudisha mahali pake na kwenda zake kwa furaha.

Watu walimsikiliza wakiwa wima, kwa kuwa bustani haikuwa na mabenchi. Mabenchi yote yalikuwa matengenezoni tangu mwaka juzi.

Kazi ya kuficha alipewa mama mmoja wa ofisi ya mipango, mtu wa takwimu, asiyependa maneno mengi. Akapandishwa kuwa Afisa Maficho. Wenzake wakamwita Bi Maficho. Cheo kilikuja na nyumba ya kazi, na nyumba ilikuja na maji ya bomba, kwa hiyo akakipokea kwa moyo mmoja.

Wiki haikuisha, simu yake ikaita. Alikuwa mjomba wake, fundi saa mstaafu.

"Mpwa wangu, nimekipata. Kilikuwa chini ya mkia wa chui. Nimevaa beji hapa, majirani wananionea gere."

"Hongera, mjomba."

"Mbona sauti kama ya msibani?"

"Ndiyo sauti yangu ya siku zote."

Kesho yake Mkurugenzi alimwita koridoni. Hakupokea watu ofisini. Alizungumza nao nje ya mlango, ameshika kitasa.

"Nasikia kisanduku kimepatikana."

"Ndiyo, bosi. Si ndiyo mchezo wenyewe?"

"Hii ni Idara ya Maficho, mama. Mali ya umma inayoonwa na kila mpita njia haijatunzwa. Kipimo cha ufanisi wako ni kutopatikana."

Bi Maficho aliitafakari hoja hiyo, akaona kwamba angalau inapimika. Akaenda kufanya kazi. Cha simba alikizamisha ndani ya tumbo la saruji na kuliziba. Cha duma alikifukia chini ya msingi. Ripoti ya mwezi ikasomeka vizuri: wananchi walizunguka kutwa nzima, simu mkononi, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mkurugenzi aliisoma mara mbili na kutabasamu.

Kisha mjomba akapiga tena.

"Cha sikioni mwa sanamu ya simbamangu nacho nimekipata, mpwa wangu. Ulidhani mtu aliyezoea kuokota skrubu za saa atashindwa?"

"Mjomba, umeniponza."

"Nimekosa nini tena?"

Koridoni, Mkurugenzi alisema maneno machache. Kikipatikana kingine kimoja, arudishe funguo za nyumba.

Kilikuwa kimebaki kisanduku kimoja, cha sanamu ya mondo. Bi Maficho alikaa nacho mezani na kujiuliza swali la kitaalamu: ni wapi ndani ya bustani hii ambapo mwananchi hajawahi kufika? Jibu halikuhitaji hesabu. Akaenda koridoni.

"Bosi, kikae ofisini kwako. Hakuna aliyewahi kuingia humo."

Mkurugenzi alivimba kifua kwa fahari. "Hatimaye umeielewa kazi. Lete, nitakiweka mwenyewe." Akaufungua mlango kiasi cha upana wa mkono, akapenya ubavu-ubavu, akafunga kwa ndani. Bi Maficho akarudi mezani na kuiweka alama ya mahali hapo kwenye ramani, kama kanuni za mchezo zinavyotaka.

Sifa za idara zikamfikia Waziri, naye akaja kuitunuku. Mjomba alikuja pia na beji zake mbili kifuani. Kabla ya hotuba, Waziri akatoa simu yake.

"Nami nitafute kimoja, wapiga picha wanione."

Simu ikampitisha simba, ikampitisha chui, ikamwelekeza jengo la utawala. Kamera zikafuata. Umati ukafuata kamera.

"Simu hizi zina hitilafu, Mheshimiwa," Mkurugenzi alisema, sasa akitokwa jasho.

"Hii mlininunulia nyinyi." Waziri akasimama mbele ya mlango. "Ni hapa. Fungua."

"Kwa bahati mbaya ufunguo umepotea."

"Uko shingoni kwako, bosi," Bi Maficho alisema kwa adabu.

Mlango ukafunguliwa. Mabenchi ya bustani yote yalikuwemo, yale yenye miguu ya umbo la kucha za chui. Yalikuwa yametandikwa mito ya velveti. Moja limebeba televisheni, jingine viatu. Kisanduku kilikuwa chini ya lile la dirishani. Waziri alikitoa, akajibandika beji ya mondo, akaketi.

"Yanakalika vizuri," alisema. "Yalipona lini?"

Mjomba akaketi kando yake bila kuombwa. "Miaka miwili nasimama pale nje, Mheshimiwa. Magoti yangu nayo yalihitaji matengenezo."

Waziri aligeuka kumtafuta mwenye ofisi. Koridoni kulikuwa na ufunguo sakafuni, basi.

Mabenchi yalirudishwa bustanini jioni ileile. Tume iliundwa kumsaka Mkurugenzi. Imepekua kila mahali, hata tumboni mwa simba, na mpaka leo haijamwona. Bi Maficho, ambaye bado anaoga maji ya bomba, aliingiza jambo hilo kwenye ripoti ya mwaka bila chumvi: kwa kipimo alichokiweka yeye mwenyewe, Mkurugenzi ndiye mali ya umma iliyotunzwa vizuri kuliko zote.