Tangazo la Kukataza Salamu

Jumatatu, 2 Juni
Dunia na ijue: leo mashine yangu imejibu swali bila kuganda! Nimemtangazia mke wangu Evodie. Kauliza kama nimenunua unga.
Muntu anatuma ujumbe kuuliza boti inatoka lini, programu inajibu, na jibu linawekwa kwenye kache, ghala dogo la mashine, lisitafutwe upya. Shida: ghala linajaa, halipungui, mashine inaganda. Kwa nini? Mama Adija, mwenye boti, ataamua Ijumaa nani atangaze safari zake: mimi, au Jérôme na megafoni yake bandarini. Jérôme anasema megafoni haijawahi kushiba.

Jumanne, 3 Juni
Jaribio. Nimeuliza “Boti ya Zongwe lini?” mpaka kidole kikafa ganzi. Ghala halikuongezeka hata kidogo! Kwangu mashine ni nzima, kwa watu ni mgonjwa. Ajabu.

Jumatano, 4 Juni
Bandarini, kompyuta magotini, nachungulia ujumbe. “Jambo Papa, umeamka salama? Mama na watoto? Pole na kazi. Boti ya Zongwe lini?” Mwingine kaiombea mashine baraka. Hakuna anayeuliza bila salamu, na hakuna salamu mbili zinazofanana! Programu inaona kila ujumbe ni swali jipya, inauhifadhi wote, haifuti hata mmoja. Ghala limejaa habari za wagonjwa na arusi. Nimezisoma zote. Tamu!

Alhamisi, 5 Juni
Dawa inajulikana: programu iondoe salamu, ifute majibu ya zamani. Kazi ya siku nzima. Mimi nina akili zaidi. Nimebandika tangazo bandarini: USISALIMIE MASHINE. Jérôme kalisoma kwa megafoni, tena na tena, akimalizia kila mara kwamba ni amri ya Papa Eugène, yaani mimi.

Ijumaa, 6 Juni
Msiba. Watu wote wametuma ujumbe kuuliza njo adabu gani hii, na wazazi wangu walinilea wapi. Ujumbe mrefu kuliko salamu! Mashine imeganda mbele ya Mama Adija. Nikalaumu umeme wa mtambo wa Bendera. Akaitazama feni yake ikizunguka. Akasema anayekataza salamu hafanyi kazi kwake. Kazi kapewa Jérôme.

Jumamosi, 7 Juni
Mtaani nasema ni umeme. Ukweli ni huu: umeme ulikuwepo, dawa niliijua, nikaona ni rahisi kubadilisha mji mzima wa Kalemie kuliko mistari michache ya programu.
Lakini nimepata wazo! Programu irudishe salamu, kila mtu kwa jina, iulizie na wagonjwa wake. Ili isisahau, itahifadhi kila kitu. Milele!