Kijana Bora wa Miaka Hamsini na Minane

Kwanza kilisikika kikohozi. Kilipita juu ya mabati ya soko la Migori, kikubwa kuliko kifua cha binadamu yeyote, na wauza mitumba wakatazamana. Mama mmoja wa ndizi alimwombea mgonjwa huyo nafuu, popote alipo. Ndipo pikapu nyeupe ikatokeza kwenye kona, spika mbili zimefungwa juu yake kwa kamba ya katani, na ndani yake Levis Nyarangi akimalizia kusafisha koo.

"Tangazo kwa umma," alisema. "Kamati imeamua kwamba vijana wana vipaji. Uamuzi huu unaanza kutekelezwa Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi."

Nyarangi alikuwa Katibu wa Kamati ya Kitaifa ya Kutambua, Kuhakiki na Kutuza Vipaji vya Vijana, Tawi la Migori na Homa Bay. Hakuwahi kusema neno la kiofisi bila kukohoa kwanza. Aliamini kwamba neno la afisa, kama msafara wa mkubwa, halitoki nje kabla ya barabara kusafishwa. Muhuri wa Kamati aliuweka mfuko wa kifuani, umefungwa kwa mnyororo mwembamba kama saa ya babu, na alipokuwa na wasiwasi aliupapasa.

Siku hizo aliupapasa sana. Mwenyekiti Mkuu alikuwa amemwahidi kwamba shindano la vipaji likienda sawa, angehamishiwa makao makuu Nairobi, kwenye ofisi yenye zulia. Nyarangi alikuwa ameshaliona zulia hilo. Lilikuwa la kijani. Mara nyingi, akiwa kwenye kiti chake cha plastiki, alijikuta amevua viatu bila kukusudia, anajaribu ulaini wake kwa mawazo.

Zawadi ya shindano ilikuwa moja, na ilikuwa kubwa kweli: nafasi ya miaka miwili katika chuo cha muziki na sanaa, malazi na chakula ndani yake. Vijana mia nne na kumi na wawili walijitokeza. Kamati ikawahakiki.

Mchoraji wa Isebania alileta picha ya mpaka wa Kenya na Tanzania. Aliambiwa ni nzuri, ila nusu ya kushoto ilikuwa imeingia nchini bila kupitia forodha. Mcheza densi wa Osiri alifika na vumbi la machimboni miguuni, akaulizwa leseni ya kusafirisha madini. Waliobaki waliangushwa na kifungu cha nne, kilichosema kwamba mshiriki awe chini ya miaka kumi na minane, na aambatishe nakala ya kitambulisho, ambacho hutolewa kwa waliotimiza miaka kumi na minane. Kifungu hicho Nyarangi alikiandika mwenyewe. Katika kazi zote za sanaa zilizopita mezani pake mwaka huo, hakuona iliyokishinda.

Akabaki mshiriki mmoja tu, Phanice wa kisiwa cha Remba, mpiga orutu, ule uzi mmoja unaolia kwa upinde mpaka mtu akumbuke deni la machozi. Phanice alikuwa na miaka kumi na sita na hakuwa na kitambulisho. Lakini fomu ilipouliza namba ya usajili, aliinua macho akatafuta kitu cha karibu chenye namba. Kilikuwa mashua ya mama yake. Akainakili.

Afisa wa uhakiki aliipeleka namba ile kwenye kumbukumbu za uvuvi, akarudi na ripoti safi: mshiriki ana urefu wa futi ishirini na nne, ni wa mbao ya mvule, amekaguliwa mara mbili na havuji. Nyarangi alipiga muhuri. Barua ikaenda Remba kumjulisha Phanice kwamba amefuzu fainali, na kwamba afike Homa Bay siku ya Ijumaa, saa nne, akiwa mkavu.

Ijumaa hiyo uwanja wa Homa Bay ulijaa mahema. Phanice alifika na orutu yake imefungwa kwenye leso, pamoja na mama yake, Kezia, na wanawake kama thelathini wauza omena, dagaa wa ziwani, waliofunga biashara kisiwani waje kuona binti yao akituzwa. Harufu ya omena iliingia uwanjani kabla yao na ikachukua viti vya mbele.

Nyarangi alitazama orodha, akamtazama msichana, akatazama tena orodha.

"Wewe ndiye mshiriki?"

"Ndimi."

"Hapa imeandikwa wewe ni mashua."

"Hiyo ni namba ya mashua ya mama, bwana. Mimi ni mtu."

Nyarangi alikohoa. Alieleza kwa upole kwamba Kamati haina ubaguzi dhidi ya watu, lakini kumbukumbu haziwezi kubadilishwa siku ya hafla. Kikanuni mashua inaweza kufuzu. Kushinda haiwezi, kwa sababu chuo hakina gati.

"Sasa nimekuja kufanya nini?" Phanice aliuliza.

"Burudani."

Kezia alimtazama Nyarangi jinsi anavyotazamwa mnunuzi anayebonyeza samaki bila nia ya kumnunua. Kisha akamshika binti yake mkono wakaketi.

Mtu asidhani Kamati ilikuwa imekosa mshindi. Ilishaketi Jumatano na kulitatua jambo hilo. Mwenyekiti Mkuu, Mheshimiwa Fanuel Oluoch, alikuwa na miaka hamsini na minane ya kuzaliwa. Lakini miaka ya kuzaliwa ni jambo la familia. Katika wadhifa alikuwa ametimiza miaka kumi na saba, kwa hivyo umri wake wa kiofisi ulikuwa kumi na saba. Alikuwa na kitambulisho. Alikuwa chini ya miaka kumi na minane. Hakuna mtu mwingine katika jamhuri nzima aliyetimiza kifungu cha nne, na Nyarangi alipogundua hivyo, alihisi zulia likimgusa kisigino.

Mwenyekiti Mkuu aliwasili saa saba, mnene, mchangamfu, amevaa koti jeupe. Nyarangi alikohoa kwenye kipaza sauti akatangaza Kijana Bora wa Mwaka. Mwenyekiti alishika kifua kwa mshangao, ingawa hotuba ya shukrani ilichungulia mfukoni mwake. Akakabidhiwa kikombe, barua ya nafasi ya chuo iliyoandikwa jina lake, na shada la maua. Alisema tuzo hiyo si yake peke yake. Ni ya vijana wote wa rika lake.

Wauza omena hawakupiga makofi. Phanice alikuwa ameinamisha kichwa, anakaza uzi wa orutu uliokuwa umeshakazwa.

"Na sasa burudani," alisema Nyarangi.

Phanice alipanda jukwaani. Upinde uligusa uzi, na hema likanyamaza hadi kamba zake. Aliimba:

*Mashua inayo namba, nami jina nimepewa,*
*Mashua hupita mwamba, nami lango nafungiwa...*

"Samahani kidogo," Nyarangi alisema kwenye kipaza sauti. "Itifaki. Nimesahau kumtambua naibu wa msaidizi wa Mwenyekiti, ambaye ameingia."

Naibu wa msaidizi alipunga mkono. Katika viti vya mbele wanawake walisema "Eeeh!" kwa pamoja, tena kwa furaha ambayo Nyarangi hakuielewa. Kezia akatoa kwapani uzi wa kushonea nyavu akaufunga fundo moja.

Hapa inafaa kusema kitu ambacho kila mtu uwanjani alikijua isipokuwa Kamati. Kwenye kingo hizo za ziwa, orutu ikilia, mtu yeyote anaweza kuisimamisha ili ajisifu au amsifu mtu wake. Ni haki yake. Lakini anayesimamisha orutu hutoa kitu palepale: kuku, kofia, kiatu, chochote alicho nacho. Akikosa cha kutoa, hutoa ahadi kwa sauti, watu wakisikia, na ahadi hiyo humfuata mpaka kaburini na hata kwenye matanga. Nyarangi alizaliwa Isebania, ambako vitu vinavyosimamishwa ni malori. Mwenyekiti alikuwa mtoto wa ziwa, lakini alilelewa Nairobi, na alikuwa amehifadhi nusu ya desturi. Ile nusu ya kujisifu.

Aliposikia "Eeeh!" ile, damu ilimchemka. Phanice alirudia ubeti wake, akafika palepale, mstari wa pili, na Mwenyekiti akainua kikombe.

"Simama hapo, binti! Mimi Fanuel, simba asiyehitaji kucha, jogoo wa makao makuu!"

"Eeeh!" Fundo la pili.

Phanice alianza upya. Mwenyekiti akamsimamisha tena kujulisha umma kwamba yeye ni ndovu wa bajeti. Akamsimamisha kwamba kivuli chake peke yake kina wasaidizi wawili. Kwamba akipiga chafya Nairobi, Kisumu wanasema "afya". Na mara tatu nyingine kwa sifa hizo hizo. Kila mara wanawake walishangilia zaidi, naye akazidi kunawiri kama mkate tanurini. Nyarangi, asipitwe, alikata wimbo mara moja zaidi kuomba mwenye pikapu fulani aisogeze. Ilikuwa pikapu yake. Hakuna aliyewahi kuusikia mstari wa tatu.

Jua lilipoinama, Mwenyekiti aliaga. Alishuka jukwaani akielekea kwenye gari, akakuta njia imejaa wauza omena thelathini waliosimama bega kwa bega, wapole kabisa, kama ukuta uliotoka kanisani. Mbele yao Kezia, uzi mkononi.

"Jakom," alisema, maana ndivyo mwenyekiti anavyoitwa huko kwa Kijaluo, "hapa kuna mafundo tisa. Saba ni yako, mawili ni ya huyu wa kikohozi. Mmesimamisha orutu. Toeni."

Mwenyekiti alicheka. Hakuna aliyemsaidia. Kicheko kilibaki peke yake hewani mpaka kikaona aibu.

"Chul!" alisema mwanamke mmoja nyuma, yaani "Lipa!", kwa sauti ya kawaida ya kudai chake. "Chul, Jakom," wengine wakaitikia. Na Mwenyekiti, ambaye mama yake mzazi aliwahi kulitumia neno hilo akiwa ameshika mwiko, alikumbuka ile nusu nyingine ya desturi.

Alitoa shada la maua. Kezia akafungua fundo. Alitoa kikombe. Alitoa koti jeupe. Alijaribu kutoa viatu viwili kwa mafundo mawili, na hapo kulikuwa na mjadala, kwa kuwa wengine walisema viatu ni jozi na jozi ni kitu kimoja. Kezia alikubali kuwa mgeni ahurumiwe. Hayo yakawa matano. La sita alitoa barua ya chuo, akitabasamu pembeni, kwa maana barua ilikuwa na jina lake na haingemfaa mtu.

Likabaki moja. Alijipapasa mifuko, haikuwa na kitu, kwani watu wa cheo chake hubebewa. Macho yake yakazunguka yakamwangukia Katibu wake.

"Chukueni huyu," alisema.

"Mheshimiwa?" alisema Nyarangi.

"Namhamishia Remba, kuanzia sasa. Atawasaidia kuanika omena. Ni mchapakazi."

Kezia alimkagua Nyarangi kuanzia kichwa hadi viatu, akauliza kama anavuja, kisha akafungua fundo la saba. Njia ikafunguka. Kijana Bora wa Mwaka alikwenda kwenye gari peku peku, akirukaruka kwenye kokoto zenye moto, na dereva aliyezoea kumwona kwa mbali akiwa na koti jeupe hakumtambua. Alimwambia apitie mlango wa walioalikwa. Walikuwa bado wanabishana kuhusu kitambulisho, ambacho kilikuwa kwenye koti.

Nyarangi alisimama pale alipoachwa. Zulia la kijani lilikuwa limekunjwa likaondoka. Mbele yake Phanice alikuwa anaisoma barua ile, na kidole chake kilikuwa kimefika kwenye jina lisilo lake na kukwama hapo.

"Bwana wa kikohozi," alisema Kezia, "una mafundo mawili."

Nyarangi alipapasa kifua. Hakuwa na kitu chochote duniani isipokuwa muhuri. Miaka tisa hakuwahi kuufungua kwenye mnyororo mbele za watu. Akaufungua. Kisha, kwa kuwa afisa hafi ghafla ndani ya mtu, alikohoa na kufafanua kwamba kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja, jina lolote kwenye barua ya Kamati likikatwa na kuandikwa jingine, badiliko hilo ni halali iwapo limepigwa muhuri. Akamwekea Kezia muhuri kiganjani.

Kezia alikuwa mwanamke anayeelewa haraka. Kalamu ilipatikana. Jina la Fanuel lilikatwa, la Phanice likaandikwa juu yake kwa herufi kubwa, na muhuri ukashuka mara tatu, ya tatu ikiwa ya starehe tu. Phanice aliishika barua kwa mikono miwili. Aliisoma tangu mwanzo mpaka mwisho, midomo ikitembea, kisha akaikunja akaitia ndani ya nguo karibu na moyo, akaushika tena upinde wake.

"Bado fundo moja," alisema Phanice, akimtazama Nyarangi.

"Sina kitu," alisema Nyarangi. "Kweli sina."

"Basi ahidi. Kwa sauti."

Mtu mmoja alimpa kipaza sauti. Uwanja ulingoja. Kikohozi kilipanda kooni mwake kama kawaida, kikafika mlangoni, naye akakimeza, machozi yakamlengalenga.

"Phanice binti Kezia," alisema, na kwa mara ya kwanza spika zilitoa sauti ya mtu tu, "naahidi mbele ya watu hawa wote kwamba nitakaa hapa chini, sitamtambua mgeni yeyote, wala sitakohoa, mpaka nisikie huo mstari wa tatu na yote iliyobaki baada yake."