Risasi Nzito kwa Askofu wa Shambani

Jumatatu, 8 Julai

Siku ya kufua. Nimeanika shuka za nyumba nzima, nyingine kinyume, kwa sababu asubuhi kwenye kahawa Babu Ammon ametoa tangazo. Macho yake yamekwisha. Hawezi tena kutofautisha grundsau, yule mnyama mnene kama panya mkubwa achimbaye mashimo mashambani, na kisiki. Kwa hiyo bunduki yake, ile .22-250 iliyotundikwa juu ya mlango wa jikoni tangu mama yangu hajazaliwa, itapata mwenyewe mpya Jumamosi. Ama mimi, ama binamu yangu Wendell.

Mtihani wetu ni Askofu. Huyo ndiye grundsau mnene kuliko wote waliochimba mashimo kwenye shamba la majani la jirani yetu, Mzee Burkholder. Kila asubuhi husimama wima juu ya kifusi cha shimo lake, mikono kifuani, tumbo mbele, kama anayesubiri sadaka ikusanywe. Mwaka jana gurudumu la trekta lilitumbukia humo na ekseli ikakatika. Wiki ijayo majani yanakatwa tena. Lazima aondoke.

Kutoka ua wetu hadi kwake ni yadi mia tatu na ushee. Kunyemelea marufuku. Bunduki ni ileile moja kwa wote, ila risasi kila mtu ajichagulie, maana Babu anasema mwindaji hujulikana dukani kabla hajajulikana shambani. Asiyejua aulize. Akanitazama mimi.

Kuuliza! Nimesomeshwa Kiingereza shuleni na Kijerumani kanisani, na katika lugha zote mbili sijawahi kumaliza sentensi mbele ya mtu mzima.

Lakini naitaka bunduki ile. Hapa naweza kusema kwa nini. Ukiwa umelala kwenye nyasi kando ya Babu, jicho kwenye darubini, hakuna anayekutaka uongee. Ni mahali pekee duniani ambapo kunyamaza kwangu ni sifa.

Jumanne, 9 Julai

Wendell alikuja kuegemea uzio wetu na kutoa mhadhara. Hakualikwa. Kwake, kwa grundsau wa mbali, siri ni kasi tu. Kichwa cha risasi kiwe chepesi kuliko vyote, cha uzito wa greni arobaini, kiruke kama radi, kifike kabla Askofu hajapepesa jicho. Akaniuliza mimi nimechagua nini. Nikakohoa. Akasema pole Twila, bubu wa ukoo wa Kistler, utanipangusia bunduki yangu kila Jumamosi.

Tutaona!

Nimefikiri siku nzima nikichuma maharage. Adui wa risasi ya mbali ni upepo. Upepo hupeperusha karatasi. Haupeperushi tofali. Kwa hiyo asiyetaka kupeperushwa achague tofali. Rahisi hivyo! Sijui kwa nini wawindaji hubishana miaka nenda miaka rudi.

Jumatano, 10 Julai

Dukani kwa Bwana Fenstermacher. Nilizunguka kwenye rafu ya vyakula vya kuku mpaka wateja wote wakaondoka. Kisha nikanyoosha kidole: zile za sabini na tano, nzito kuliko zote.

Bwana Fenstermacher akainua nyusi. Akauliza kama ni za bunduki mpya, yenye mtutu wa kuzungusha risasi haraka. Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza kama nina hakika. Nikaitikia tena, kwa nguvu zaidi. Angeniuliza kama mimi ni mfalme wa Bavaria ningeitikia vilevile.

Ubavuni mwa boksi kuna maandishi madogo mekundu: KWA MITUTU YA MZUNGUKO WA HARAKA TU. Wafanyabiashara na majigambo yao. Haraka, haraka! Nimelificha boksi chini ya godoro.

Alhamisi, 11 Julai

Nimebuni hila ndogo ya akiba. Bibi Verna, mke wa Babu, ana mtungi wa mayai yaliyolowekwa kwenye siki na bitiruti. Yule asiyeyazoea tumbo humgeuka. Nikampelekea Wendell bakuli zima, kwa tabasamu, nikala mawili mbele yake asishuku.

Akala yote. Akalamba bakuli. Akauliza kama mtungi umeisha.

Mimi nimeshinda chooni tangu adhuhuri. Bibi amepita nje ya mlango mara kadhaa akiimba wimbo wa kanisani kuhusu wachimbao shimo na kutumbukia wenyewe. Sijui alijuaje.

Ijumaa, 12 Julai

Siku ya kujaribu. Babu alituwekea karatasi mbili za shabaha mwishoni mwa bustani ya matofaa, yadi mia moja. Kila mtu risasi tano. Yeye akaketi kwenye kiti chake nyuma yetu, kofia usoni, kwa kuwa karatasi haioni hata hivyo.

Wendell alitangulia. Matundu matano madogo ya duara, yamebanana. Akayaonyesha hadi kwa ng'ombe.

Kisha mimi. Nilipokwenda kuchukua karatasi yangu nilipigwa na butwaa. Tatu tu ndizo zilizogusa karatasi, na zimetawanyika kama kuku walioona mwewe. Lakini matundu yenyewe! Marefu! Kila moja kama tundu la ufunguo, ukubwa mara tatu ya la Wendell! Nguvu ya namna hiyo sijawahi kuiona. Risasi yangu haitoboi, inapasua.

Siri kama hii huachi ikatangaa. Nikaikunja karatasi haraka na kuitia mfukoni. Babu akauliza chini ya kofia, vipi, mjukuu wangu? Nikasema vizuri. Akauliza, hakuna la kuniuliza? Nikasema hakuna. Akashusha pumzi.

Kutawanyika ni woga tu. Kesho mkono utatulia.

Jumamosi, 13 Julai

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi, umande bado. Tulikuwa wote uani na kofia zetu za rangi ya chungwa: Babu, mimi, Wendell, na Mzee Burkholder aliyekuja na kipande cha pai ya molasi mkononi kana kwamba ni maonyesho. Bibi hayupo. Mara tukamwona katikati ya shamba, anaanika shuka moja kwenye uzio wa Mzee Burkholder. Jumamosi! Alipopanda kurudi, Wendell akamwambia kwa upole, kama unavyomwambia mgonjwa, Bibi, leo si siku ya kufua. Bibi akamjibu kwamba siku za wiki anazijua, ndiye aliyemfundisha yeye, tena kwa shida. Akaketi na beseni lake la njegere, akaanza kuzimenya.

Askofu akatoka. Akasimama. Mikono kifuani.

Tulipiga kura kwa majani na Wendell akapata kuanza. Risasi mbili kila mtu. Ya kwanza vumbi likaruka mkono mzima kushoto. Askofu akageuza kichwa kutazama, kama aliyesikia mtoto akikohoa kanisani, kisha akazama shimoni. Tukangoja. Pai ikaisha. Akatoka tena. Wendell akapiga ya pili: kushoto tena. Askofu akazama tena. Wendell akalaumu darubini, akalaumu jua, akamlaumu Mzee Burkholder kwa kutafuna.

Zamu yangu! Nikalala kwenye nyasi. Kimya kile kitamu. Askofu alipopanda mimbarani kwake nikavuta pumzi, nikabana kifyatuo.

Hakuna vumbi popote. Risasi ilikwenda wapi Mungu anajua. Askofu hata hakuhama! Nikapiga ya pili. Mlio: KANG'! Mzee Burkholder akaruka na kusema hiyo ndoo ni yangu. Ilining'inia kwenye nguzo ya uzio chini ya kilima, mbali sana kulia kwa Askofu. Safari hii Askofu alizama.

Mzee Burkholder akaenda kuichukua. Babu akaipokea, akapapasa tundu kwa kidole kimoja, taratibu. Kisha akaanza kucheka mpaka akashikilia meza ya uani. Akasema imeingia kwa ubavu! Twila, umenunua nzito? Nikaitikia kwa kichwa. Nilisahau kwamba haoni, lakini alijua tu.

Akaeleza. Mtutu wake ni wa kizamani, mifereji yake ya ndani inazungusha risasi polepole. Kichwa kifupi kinatosheka na mzunguko huo na kwenda kimenyooka. Kirefu na kizito kinataka kuzungushwa kwa kasi, la sivyo kinayumba kama pia inayokaribia kuanguka, kinaenda kwa ubavu. Akasema swali moja tu, mjukuu wangu, lingekuokoa. Wendell akacheka mpaka Babu akamgeukia na kumwambia na wewe ulichagua unyoya kwenye upepo.

Hapo Bibi akaweka beseni chini. Akatoa mfukoni mwa aproni risasi moja: ya hamsini na tano, katika zile anazozijaza Babu mwenyewe, zilizokuwa muda wote kwenye kopo la biskuti. Akalala kwenye nyasi, sketi na yote. Askofu akatoka. Bibi hakumtazama yeye kwanza. Alitazama shuka, inavyojaa upepo huko chini, upepo ambao sisi uani hatukuusikia kabisa. Akasogeza mtutu kidogo kulia.

Mlio mmoja. Askofu akaketi, kama aliyemaliza mahubiri, akalala.

Mzee Burkholder akavua kofia.

Babu akasema basi, bunduki imepata mwenyewe. Bibi akapangusa magoti na kusema itarudi pale pale juu ya mlango, na yeyote kati yetu akiitaka siku yoyote aiombe tu, kwa mdomo wake. Akanigeukia. Akasema kwa sauti ya chini sana, haya, Twila, mama.

Wote wakanitazama. Bunduki ilikuwa pale, mbele yangu. Neno moja! Nikafungua mdomo.

Nikasema, pai imebaki?

Jumapili, 14 Julai

Kanisani. Leo hatugusi bunduki. Mahubiri yalikuwa marefu, nikapata nafasi ya kufikiri vizuri.

Wendell alimwomba Bibi bunduki pale pale mlangoni mwa kanisa, bila haya, akapewa hadi Jumanne. Wengine wamezaliwa na ngozi ngumu. Mimi nina akili.

Kuhusu ile pia inayoyumba na ile mifereji, Babu nampenda, lakini macho yake yamekwisha. Mimi ndiye niliyeona yale matundu. Risasi inayoingia kwa ubavu ni risasi iliyochoka njiani, na kuchoka ni dalili ya kukosa uzito wa kutosha. Nimeona kwenye katalogi kuna za themanini.

Na Bibi nitampata bila kusema neno. Nitafua shuka zote, nitamenya njegere zote, mpaka aone aibu mwenyewe anikabidhi bunduki. Hila hii haina tundu.

Kesho nafua. Keshokutwa kwa Bwana Fenstermacher. Akiniuliza lolote, nitaitikia kwa kichwa.