Bega Langu na Kona ya Bwana

Jumatatu, 4 Aprili

Bega la kulia limegoma tena. Leo nimeshindwa kuvaa shati, mke wangu Herlinda kanivalisha kama mtoto wa chekechea. Nimemwambia ni jambo la muda tu. Kasema muda huo sasa una wiki tatu, na yeye ana kiwanda cha kushona cha kuwahi.

Niandike ilivyokuwa, maana nitaulizwa tena na sitaki kujichanganya. Nilikuwa ghorofa ya nne ya lile jengo la mawakili, nang'arisha sakafu kwa mashine kubwa ya duara. Mashine ikapanda juu ya waya wake yenyewe, ikaruka, ikanivuta mkono. Nikasikia kitu kinachanika ndani ya bega, kama shuka kuukuu. Basi. Hakuna damu, hakuna kuanguka, hakuna kelele. Ajali ya kinyonge kabisa. Hata mimi, ningesimuliwa na mtu, nisingeiamini.

Bima nao hawaiamini. Wanataka kujua nani aliona. Msimamizi wetu, Bwana Kirakosyan, amewaambia huenda niliumia kwenye mpira wa Jumapili. Mimi! Mara ya mwisho kupiga mpira bado nilikuwa na nywele. Na bima wasipokubali, hakuna upasuaji. Daktari wa zahanati kaniambia wazi: kano likichanika halijishoni, na nikilichelewesha, mkono hautapanda tena maisha yangu yote. Msafishaji asiyeweza kuinua mkono ni nani? Ni mtu wa kusafishwa.

Aliyeona ni mmoja tu, Baudilio Chacaj, alikuwa pale akimwaga ndoo za taka. Baudilio ni baba wa ubatizo wa binti yangu, ndiyo maana tunaitana compadre. Pia ni adui yangu. Kila Ijumaa Kuu sisi watu wa Xela, Guatemala, tulioko Los Angeles tunambeba Bwana, yaani sanamu yake na msalaba wake, kwenye machela kubwa ya mbao, mtaa kwa mtaa, na kona ya mbele kulia ni yangu. Miaka tisa! Baudilio hubeba nyuma yangu, akitazama kisogo changu. Nilipomwomba anitolee ushahidi, kabla ya kujibu aliniuliza, "Na bega hilo, compadre, Ijumaa Kuu kona atabeba nani?"

Nikamsoma papo hapo. Nimemwambia abaki na ushahidi wake.

Jumatano, 6 Aprili

Nimewekwa kwenye kazi nyepesi. Napangusa majani ya maua ukumbini. Mwanamume mzima wa miaka hamsini na mbili, naogesha jani moja moja kwa kitambaa. Mawakili wanapita na kunisalimia kwa huruma, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya nilipokuwa mzima.

Hata hivyo, pale ukumbini kuna kamera. Wazo likanijia. Kama ajali ya kweli haikuonekana, basi ionekane nyingine. Nikapiga deki kipande kidogo mbele ya lifti, kwa mkono wa kushoto. Nikakiondoa kile kibao cha njano cha kuonya watu. Nikajiandaa kuanguka.

Kuanguka ni kugumu kwa mtu mwenye bega bovu. Mwili haukubali. Nilianza na goti, kisha goti la pili, kisha nikajilaza ubavu taratibu, kama mtu anayeingia kitandani bila kumwamsha mkewe. Nikafumba macho kungoja watu waje mbio.

Hakuja mtu. Na sakafu ilikuwa baridi, na mimi maumivu hayanipi usingizi siku hizi. Nikalala kweli.

Mlinzi aliyaona yote kwenye kioo chake. Nimepewa barua ya onyo kwa kulala kazini.

Ijumaa, 8 Aprili

Leo zamu ya daktari wa bima. Mama mmoja mkavu, anaongea na kompyuta kuliko na mtu. Wakili wangu, Licenciado Arriaza (ndivyo kwetu tunavyomwita mwanasheria), yule mwenye picha kwenye mabenchi ya vituo vya basi, alikuwa amenionya kwa simu. Alisema niende nilivyo, nisiongeze chumvi, maana bega linajieleza lenyewe.

Bega likijieleza lenyewe kuna haja gani ya wakili?

Nikaongeza kidogo tu. Bega la kulia kweli limeshuka, kama vidole viwili hivi. Nikalishusha hadi vinne. Kisha, kwa usawa, nikachechemea. Daktari akauliza bega linahusiana vipi na mguu. Nikamwambia mwili ni mmoja. Akaandika kitu kirefu sana.

Alipolishika lile jeraha la kweli, nilipiga yowe. Lilikuwa yowe halisi, machozi yalinitoka. Akanitazama kwa jicho la "na hili pia unaigiza." Jambo hili limeniuma kuliko bega.

Jumapili ya Matawi, 10 Aprili

Nimeponea chupuchupu. Udugu wetu wa wabebaji umeamua kupima mabega upya, eti mwaka jana machela iliinama, Bwana akawa kama anateremka kilima. Kila mtu anasimama chini ya ile fimbo ya kupimia mlangoni mwa kanisa. Kona inataka bega la juu. Bega la chini linapelekwa katikati, kule ndani wasikoonekana, pamoja na vijana waliozaliwa huku.

Ijumaa nilishusha bega. Leo ilinibidi nilipandishe. Bega hilo hilo! Nilichukua tambaa la deki, jipya, nikalikunja mara nne na kulishonea ndani ya kanzu ya zambarau. Nimeshona mwenyewe kwa mkono wa kushoto, Herlinda asijue. Mzee Telmo, mpimaji, mwenyewe mbebaji wa kona ya kushoto tangu enzi, akateremsha fimbo, akabonyeza, akabonyeza tena. Akasema bega langu limenenepa. Nikamwambia ni baraka za Kwaresima. Akasema Kwaresima watu hukonda.

Lakini nimepita. Kona ni yangu.

Baudilio alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Hakumwambia Telmo chochote. Aliniinamia sikioni akanong'ona, "Compadre, acha ujinga, utajiua." Nikamjibu kwamba nikifa yeye ndiye atakayefaidi. Akarudi nyuma hatua moja. Ukweli humrudisha mtu nyuma.

Jumanne, 12 Aprili

Licenciado amepiga simu. Kasema bima wamesogea kidogo, kwa hiyo nikae nyumbani, nisibebe hata mfuko wa viazi, kwa sababu kampuni za bima huwa na watu wa kumfuatilia mgonjwa na kumpiga picha. Nikamwuliza kama sala inahesabiwa kuwa kubeba. Akasema sala haina shida. Sikumfafanulia zaidi.

Herlinda kanizuia kwa maneno mengine. Kasema yeye sasa anafanya zamu mbili kwa sababu ya bega hili, vidole vyake vimeanza kufa ganzi, na Bwana anajua nyumba yetu ilipo, akinitaka atakuja mwenyewe. Kisha akaniomba, kwa sauti ya chini ambayo sijaizoea, "Obdulio, mwaka huu tu. Mwachie mtu kona." Nikamwahidi.

Nilipomwahidi nilikuwa nimeukunja mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, ukiwa na tambaa la deki nililolifumua ili nilishone upya.

Baudilio anapiga simu tangu jana. Sipokei. Najua anachotaka.

Ijumaa Kuu, 15 Aprili

Nimebeba.

Sijui niandike nini tena. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umelala kwenye mto, si wangu tena. Tulitoka kanisani kwa ngoma ya maziko, moshi wa ubani, watu wamepamba barabara yote kwa mazulia ya unga wa mbao uliotiwa rangi. Tambaa la deki lilisaidia hatua za mwanzo. Kisha uzi ukakatika, likateleza mgongoni, ubao ukakaa juu ya mfupa. Nikaona nyota mchana. Nikamwambia Bwana kwamba Yeye aliubeba msalaba Wake peke Yake na mimi najua, lakini Yeye hakuwa na kesi ya bima.

Kwenye kona ya duka la mikate nilihisi naanguka. Goti liliinama. Halafu, ghafla, uzito ukapungua. Naapa. Ubao uliinuka wenyewe juu ya bega langu, ukawa mwepesi. Muujiza! Nililia kwa furaha.

Katika furaha hiyo nikamwona kijana wetu wa Udugu anayerusha maandamano kwenye simu, ili jamaa walioko nyumbani waone. Mama yangu yuko Xela, ana miaka themanini na moja. Tangu aliposikia kuhusu bega hajala vizuri, dada yangu kaniambia. Nikamwita kijana asogee. Nikatabasamu kwenye kioo cha simu. Nikasema kwa sauti, "Mama, usilie tena. Bega zima kabisa. Hata halikuwahi kuuma."

Nilitaka ale.

Herlinda alikuwa kando ya barabara na mshumaa. Hakunifokea. Aliniona, akapuliza mshumaa, akageuka nyumbani.

Jumatano, 20 Aprili

Licenciado Arriaza ameniita ofisini kwake. Alikuwa na kompyuta mezani. Akaigeuza nione. Nilikuwa mimi, zambarau tupu, uso umejaa kioo kizima, natabasamu. Bega zima kabisa, nasema. Hata halikuwahi kuuma. Wameweka na maandishi chini, kwa Kiingereza, kwa faida ya hakimu.

Hakuna mpelelezi aliyenivizia. Hawakuhitaji. Maandamano yetu yako wazi kwa yeyote mwenye simu.

Kisha akaniambia la pili, na hili sitaki kuliandika lakini nitaliandika. Alhamisi, siku moja kabla ya maandamano, Baudilio Chacaj aliomba ruhusa kazini, akaenda mwenyewe kwa Bwana Kirakosyan, kisha kwa watu wa bima, akaeleza alichoona: mashine, waya, mkono wangu, sauti niliyotoa. Hakuomba kitu. Bima wakakubali. Kufikia jioni ile ya Alhamisi upasuaji ulikuwa umeshakubaliwa. Licenciado alinipigia, simu yangu ikiwa imezimwa, kwa sababu Baudilio alikuwa ananisumbua.

Sasa wamefuta. Na wanasema wanaweza kunishitaki kwa udanganyifu. Licenciado kasema kila mtu mwenye kesi ya uongo angefurahi kuwa na kesi ya kweli kama yangu. Kisha akaangalia saa.

Picha mpya ya bega imetoka. Kano limekatika lote.

Nimekaa kwenye benchi la basi nje ya ofisi, yeye akitabasamu mgongoni kwangu. Nimelia pale. Basi limesimama, limeondoka. Sikuwa na pa kwenda ambako Herlinda hayupo.

Jumamosi, 23 Aprili

Baudilio amekuja nyumbani na mkate wa Pasaka na samaki mkavu. Herlinda alimkaribisha vizuri kuliko anavyonikaribisha mimi. Shingo ya Baudilio imevimba upande mmoja, hawezi kugeuka. Nikamwuliza kafanya nini. Akaanza kukata mkate. Herlinda ndiye aliyesema. Pale kwenye duka la mikate, aliponiona goti linainama, Baudilio aliiacha nafasi yake, akapenya chini ya ubao wangu, akabeba wa kwake na wa kwangu hadi mwisho wa zamu.

Yaani hata muujiza wangu kaniibia.

Akasema ameongea na Licenciado, na njia ipo. Mbele ya hakimu tuseme ukweli wote. Kwamba niliumia kazini, yeye aliona. Kwamba nilibeba kwa sababu ya imani na kwa sababu ya ukaidi. Kwamba nilimdanganya mama ili ale. Hakimu naye ana mama. Daktari wa bima ana picha mbili, anaweza kuona jeraha la kwanza na la pili. "Ukweli tu, compadre," akasema, "safari hii usiutie kitu." Herlinda akaniwekea mkono kwenye bega zima. Ni mara ya kwanza tangu Ijumaa Kuu kunigusa. Akasema akinisikia nausema ukweli mbele ya watu, yatakwisha yote kati yetu.

Nikawashukuru. Nikasema nitafikiri.

Nimefikiri. Ukweli ule una matundu kama chujio. Ni nani atakayeamini kwamba mtu mwenye kano lililochanika alibeba machela? Hata mimi nisingeamini. Kinachotakiwa ni maelezo mepesi ambayo hakimu atayaelewa mara moja: yule kwenye simu si mimi. Ni pacha wangu. Anaitwa Eleuterio, amekuja kutoka Xela kwa sikukuu, bega lake zima na halijawahi kuuma, kama alivyosema mwenyewe. Kila neno la kwenye ile picha linakuwa kweli!

Inabaki picha tu ya kuonyesha kwamba sisi ni wawili. Basi nimeingia bafuni nikanyoa sharubu, kwa mkono wa kushoto, nikajikata mara kadhaa. Nimechana nywele chache zilizobaki kuelekea upande wa pili. Nimevaa lile shati la Baudilio alilolisahau hapa Krismasi.

Nilipotoka, Herlinda alikuwa anaosha vyombo. Akanitazama kwa muda mrefu, povu likimdondoka vidoleni. Akauliza, polepole, "Wewe ni nani?" Kisha akaingia chumbani akafunga mlango kwa ufunguo.

Mambo yananyooka. Ikiwa mke wangu wa ndoa hanijui, hakimu atanijulia wapi?