Kizibo Chekundu

Jumatatu, 4 Machi
Mwezi wa sita tangu niondoke nyumbani. Mabega yanawaka, siku nzima zege. Mke wangu kapiga simu. Kitinda mimba wetu sasa ananiita "yule mtu wa kwenye simu". Lazima niende mwezi huu.

Kwenda ni kwa bahati. Msimamizi hutoa ruhusa moja kwa mwezi kwa chumba chetu cha watu sita. Tunatia vizibo sita vya soda kwenye mfuko wa kitambaa, vitano vyeupe, kimoja chekundu. Kila mtu anachota bila kuangalia, anafumba ngumi, mwisho tunafumbua pamoja. Mwenye chekundu anakwenda. Mara tano nimetoka na cheupe. Fundi nondo, anayelala kitanda cha juu yangu, ameshakwenda mara mbili. Na kila asubuhi anauliza hali yangu, ya mke, ya watoto. Mtu asiye na lake hana salamu ndefu hivyo.

Jumatano, 6 Machi
Binti yangu mkubwa kanipigia na hesabu za shule. Pembetatu mraba, pande mbili fupi ni tatu na nne, mrefu ni ngapi? Tano, nikamwambia, hata kalamu sikushika. Ndiyo kamba ya tatu, nne, tano tunayopimia kona za msingi. Akasema hata mwalimu kapata tano. Kumbe mimi ni mtu wa hesabu siku zote.

Nikamuuliza na mimi langu. Aliyekosa mara tano kati ya watu sita, ya sita si yake? Akasema hapana, mwalimu kawafundisha ni moja ya sita, kama mwanzo.

"Vizibo havikumbuki, Baba."

Na fundi nondo je, mara mbili? Akasema inatokea tu. Nimeanza kumtilia shaka mwalimu wake.

Ijumaa, 8 Machi
Zamu yangu kutunza mfuko. Nimekigonga chekundu kwa nyundo, kidogo, ukingoni. Binti anasema duara lina kipenyo kilekile popote upimapo. Hiki sasa kina kirefu na kifupi. Kidole kitajua. Si wizi huu, ni kusawazisha. Fundi nondo naye lazima ana njia yake, sijaigundua tu.

Kaingia ghafla, kauliza nagonga nini. Nikasema msumari wa kiatu. Akatazama miguu yangu. Ndala.

Jumapili, 10 Machi
Kura. Nilichota wa kwanza. Kidole kikakipata mara moja, kama yai. Nilikuwa nakitoa ndipo nikamwona fundi nondo anatabasamu.

"Chukua tu, kaka, usiogope."

Kwa nini anataka nichukue? Kumbe alielewa ile nyundo. Usiku kakinyoosha chekundu, kabonyeza cheupe. Ndivyo ningefanya mimi. Nikakiachia, nikachagua duara safi.

Cheupe.

Chekundu kakitoa yeye, kimebonyea vilevile nilivyokigonga. Akakigeuzageuza, akauliza jamani, nani kakanyaga kizibo cha watu? Wote wakacheka. Nikacheka na mimi, ningefanyaje.

Baadaye kasema njia yake inapita kwetu, kama nina mzigo. Nikampa viatu vya mtoto. Saizi nimekisia.

Alhamisi, 14 Machi
Mke wangu kapiga. Fundi nondo kafika, viatu vimemtosha mtoto. Mtoto kamrukia, kamkumbatia shingo, kakimbia nje kuwaambia majirani kwamba mtu wa kwenye simu amekuja. Haambiliki. Kalala mapajani mwake.

Binti mkubwa kachukua simu. Kamuuliza fundi nondo lile swali la vizibo, naye kajibu moja ya sita, kama mwalimu. Basi wamo pamoja.

Nimeukalia mfuko jioni nzima nikipiga hesabu. Kosa langu ni kugonga kimoja. Mwezi ujao nitavigonga vyote sita, sawasawa, asijue kipi ni kipi. Tena nimekosa mara sita, ya saba haina pa kwenda. Nimemwambia mke wangu asimweleze mtoto chochote, Jumapili tarehe 14 Aprili, mchana, atajionea mwenyewe. Saa hiyo nipo mlangoni.