Sisimizi wa Mche Wangu wa Kahawa

Jumamosi, 6 Tikimt

Rafiki yangu Zinash amekunywa kikombe cha kwanza cha kahawa kwangu, na cha pili, kisha akasema kichwa kinamuuma. Cha tatu, ambacho ndicho cha baraka, amekwenda kukinywa kwa Meaza, mlango wa jirani. Nimemsikia akicheka kupitia ukutani. Kichwa gani hicho!

Meaza amehamia juzijuzi tu. Mfamasia. Hana hata jiko la mkaa la kuchomea kahawa, anatumia umeme. Na bado Zinash anakwenda kwake.

Jambo baya zaidi nimeliona nilipochungulia mlango wake ukiwa wazi. Mche wa kahawa kwenye chungu, karibu na dirisha. Zinash aliniletea wangu kutoka shamba la baba yake kule Jimma, nikaamini nimeletewa peke yangu. Kumbe tuko wawili! Na wa Meaza majani yanang'aa kama yamepakwa siagi. Wangu unanata, na una sisimizi.

Jumapili, 7 Tikimt

Wanapanda shina kwa mstari, taratibu, kama watu wanaokwenda ibadani. Nimenyunyiza mdalasini. Wamepita. Nimezungushia chaki. Wamepita tena, na nadhani kwa dharau.

Mama Abonesh wa ghorofa ya chini alikuja kuomba chumvi, akawaona. Akawatazama, akanitazama mimi, akatazama viti vyangu vitupu. "Mwanangu," akasema, "hao wamekuona uko peke yako, wakaamua kuja kukaa nawe."

Nimempa chumvi kidogo sana.

Jumanne, 9 Tikimt

Nimeweka chungu ndani ya beseni la maji. Kisiwa! Nimejipongeza. Baada ya chakula nikakuta jani moja limegusa pazia, na sisimizi wote wanapita kwenye pazia. Sasa ninao hata kwenye pazia.

Nimekutana na Meaza kwenye ngazi. Akauliza mche wangu unaendeleaje, kwa upole kabisa. Nikasema unastawi ajabu. Akaomba aje auone. Nikasema unapumzika.

Unapumzika! Nina shahada mbili, na hilo ndilo jibu nililolipata.

Jumatano, 10 Tikimt

Nimewaza vizuri. Sisimizi hawana uaminifu, wanafuata utamu. (Kama watu wengine ninaowajua.) Basi wapewe utamu kwingine.

Meaza alipokwenda kazini nimekoroga asali na maji, nikachora mstari mwembamba kutoka mlangoni kwangu, kando ya ukuta, mpaka chini ya mlango wake. Kazi safi. Nimelamba kidole kimoja nikiwa nimesahau kuwa leo ni mfungo na mchana haujafika. Nimeomba toba, nikalamba na cha pili.

Alhamisi, 11 Tikimt

Asubuhi: ushindi! Mstari mweusi, mrefu, unaelekea kwa Meaza. Nimekunywa chai nimesimama mlangoni nikiutazama.

Mchana: sauti ya Zinash kwa Meaza. Amemwomba ruhusa bosi wake! Meaza kampigia simu kwamba ana sisimizi, naye kaja mbio. Wanafuta majani pamoja. Wanacheka. Mimi nimekaa na sisimizi hawa siku zote hizi, na hakuna aliyeomba ruhusa kazini kwa ajili yangu. (Sikumwambia, ni kweli. Lakini rafiki huhisi.)

Kisha wakabisha hodi. Wote wawili, na bakuli la maji ya sabuni. Mstari wa sisimizi ulikuwa umewaleta mpaka kwenye zulia langu. Nikawa tayari kukana kila kitu. Meaza akaniwahi: anaomba radhi, juzi alibeba mtungi wa asali, lazima ulivuja, na sasa sisimizi wa kwake wamefika mpaka kwangu.

Nimemsamehe.

Akageuza jani la mche wangu. Chini yake kuna vijidudu vyeupe, laini kama pamba. Akasema hao ndio wanaonyonya majani, na wanatoa maji matamu. Sisimizi wanakuja kuyanywa, na wanawalinda hao kama mchungaji na ng'ombe wake. Ukiwaondoa weupe, sisimizi hawana tena shughuli.

Tukakaa chini, tukafuta jani moja moja. Zinash akaninong'oneza, Meaza alipokwenda kumwaga maji:

"Netsi, mbona hukuniita? Mimi naona siku hizi unaniita kunywa kahawa tu, ukishamaliza kupanga vikombe kama kwa mgeni. Shida zako unampelekea nani?"

Nikasema sina shida.

Nikachoma kahawa. Zinash amekaa mpaka kikombe cha tatu! Meaza naye, kwa bahati mbaya.

Jumamosi, 13 Tikimt

Mche unang'aa. Hakuna sisimizi hata mmoja. Kwa ajili ya kahawa ya leo nimetandaza majani mabichi sakafuni, nimechoma ubani, nimekaanga bisi. Zinash ametuma ujumbe, amekwenda kwa shangazi yake.

Nimekula bisi zote.

Jumatatu, 15 Tikimt

Nimelitafakari neno la Zinash kwa siku mbili, kwa uaminifu, na nimelielewa. Alhamisi hakuja kwa ajili ya kahawa. Alikuja kwa ajili ya vijidudu.

Kwenye chumba cha kusubiri cha daktari wa meno kuna ua kubwa ambalo hakuna anayelitazama. Nimeligeuza jani: pamba tupu! Sikuwa na jino lolote linaloniuma. Nimechuma jani, nimelitia kwenye mkoba, nimeondoka kabla jina langu halijaitwa. Nimelifunga kwa uzi chini ya jani bichi kabisa la mche wangu. Kisha nikamwandikia Zinash: wamerudi, nina shida.

Amejibu papo hapo. Amefurahi sana kwamba safari hii nimemwambia. Anakuja sasa hivi, na anamleta Meaza.

Nimekwenda jikoni, nimeficha vikombe vyote isipokuwa viwili.