Kuhusu Klorini Iliyosababisha Ninyang'anywe Ufunguo wa Stoo

Kwa Bwana Meneja wa Kituo cha Kusafisha Maji,

Ni mimi mzee wa stoo, yule mnayemwita Mzee Kufuli. Kalamu nimeshika mwenyewe, sikuandikiwa na mtu. Miaka thelathini na moja nimekaa stoo na haijapotea hata skrubu. Juzi ukaninyang'anya ufunguo ukampa binti wa maabara, eti kwa sababu ya moto. Bwana Meneja, mimi sikuwasha moto. Mkosaji ni klorini ya unga, nami naishtaki hivi:

1. Niliichota kwa kopo lenye oili ya breki, kidogo tu. Ikanyamaza kama mgeni mwenye adabu. Kugeuka hivi, moto! Na oili ile tumeishi nayo miaka kumi na moja, haijagombana na mtu.

2. Pipa lake lilichafuka, nikalisugua kwa siki, kwa nia njema kabisa. Likatoa hewa iliyotukimbiza wote, wewe Bwana ukiwa mbele. Sisemi ulikimbia vibaya.

3. Iliyomwagika niliizoa pamoja na unga wa mbao, ndoo moja. Ndoo ikaanza kufuka. Binti akaja mbio, "Babu, hiyo inaunguza karibu kila inachokutana nacho!" Sasa kama tabia yake anaijua, mbona alinifokea mimi, asiifokee yenyewe?

4. Koti langu la kazi lina mabaka kama ng'ombe. Mke wangu anacheka mpaka leo.

Kwa hiyo naomba klorini iitwe mbele ya kamati ya nidhamu. Oili, siki na unga wa mbao wawe mashahidi. Ikipatikana na hatia ihamishiwe kituo kisicho na vitu. Nami nirudishiwe ufunguo wangu. Tangu niukose, hata wajukuu wameanza kunituma dukani.

Nisalimie fundi pampu, mama wa chai, na mlinzi ambaye bado ana koleo langu.

Ni mimi nisiyeshindwa na kazi,
Mzee wa Stoo

N.B. Maneno ni yangu bado, ila hapa anaandika binti wa maabara, maana mkono wangu una bandeji. Leo asubuhi niliingia stoo kupitia dirishani, nikaiweka klorini na mashahidi wake kwenye beseni moja ili wapatane. Hawakupatana. Binti ndiye aliyenivuta nje kwa miguu. Ufunguo abaki nao yeye. Ila nimemwambia aandike kwamba moshi niliuona mimi kwanza. Ameandika.